Sauti Iliyonibakia

Baba yangu hakujaliwa mtoto wa kiume, na jambo hilo halikumsumbua hata kidogo isipokuwa Jumapili alasiri. Siku hiyo wanaume wa mtaa wetu wa Makongeni walikwenda kutazama mpira na vijana wao, naye hakuona sababu ya kwenda peke yake. Basi alinichukua mimi, kifungua mimba wake. Nilikuwa na miaka sita au saba. Tulitoka kanisani, tukala, mama akaninyooshea rinda na kuniambia nisikae kwenye vumbi, kisha baba akanishika mkono tukaenda uwanjani, mahali ambapo hapakuwa na pengine pa kukaa ila kwenye vumbi.

Baba alifanya kazi katika karakana ya reli, akitengeneza breki za mabehewa. Nyumbani alikuwa mtu wa maneno machache. Ukingoni mwa uwanja alikuwa mwalimu. Hakunifundisha kushangilia, alinifundisha kutazama.

"Mama," aliniambia, kwa sababu nilipewa jina la mama yake na hajawahi kuniita vingine, "usiuangalie mpira sana. Mpira hauna miguu. Mwangalie yule ambaye hana mpira."

Nami nilimwangalia winga aliyesimama pembeni amejishika kiuno kama mtu aliyekuja kumngoja mwenzake. Ghafla alichomoka, na mpira ukamfuata kana kwamba walikuwa wamepatana tangu asubuhi. Tukirudi nyumbani baba alinitaka nimsimulie mama mechi nzima. Mama alikuwa akichambua mboga ya mrenda, wala hakujali nani kamfunga nani, lakini baba alikaa akisikiliza kama mtu ambaye hakuwepo. Nikikosea alinikatiza.

"Hapana. Huyo hakuwa beki wa kulia. Anza tena hapo."

Siku nyingine zote nilikuwa wa mama. Yeye alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya kwanza, mwenye koo ambalo wazee wa kanisa walisema lingeweza kusikika hadi kwao magharibi bila posta wala simu. Nililirithi koo hilo. Nikiwa darasa la sita mwalimu wa kwaya alinipa beti za kuimba peke yangu, na watu wakaacha kujipepea na karatasi za matangazo ili wanisikie. Hapo ndipo nilipojua kwamba ukifungua kinywa, watu wazima wanaweza kunyamaza. Ni jambo la hatari kwa mtoto kulijua mapema.

Nilipomaliza shule nilianza kujifunza ushonaji kwa mama mmoja mwenye duka lililopakana na ukumbi wa mtaa. Katika ukumbi huo kulikuwa na bendi iliyofanya mazoezi kila Jumanne na Alhamisi, na mimi nilikuwa nikipiga cherehani huku nikiimba pamoja nao kupitia ukuta. Sikujua kwamba ukuta ulikuwa unapitisha sauti pande zote mbili. Alhamisi moja kiongozi wa bendi alikuja dukani. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mtoto wa mchonga vinyago kutoka Ukambani. Asubuhi aliendesha gari la kusambaza mikate, jioni alipiga gitaa. Alisimama mlangoni akataka kuniuliza jambo, lakini neno la kwanza likamkwama. Alikuwa na kigugumizi kikali. Alijaribu mara tatu, akaacha, akanionyesha ukumbi kwa kidevu.

Nilimfuata. Alichukua gitaa, akapiga mwanzo wa wimbo niliokuwa nikiuimba kule dukani, akanitazama. Nikaimba. Tulipomaliza, vyombo vyote vilinyamaza, na yeye akasema kwa taabu, "U-u-uje Jumanne."

Mama hakuzungumza nami kwa wiki mbili. Baba alisema bendi si kazi ya mtu, hasa mtu wa kike, na hakuwahi kuja kunisikiliza, hata mara moja, kwa miaka kumi na minne niliyoimba. Niliimba kwenye harusi, kwenye harambee, kwenye mahoteli ya mjini ambako watu walikula bila kutugeukia, na kwenye kumbi za mitaa ya Eastlands ambako watu hawakula kabisa kwa sababu walikuwa wakicheza. Tulirekodi nyimbo chache. Mmoja, uliomhusu mwanamke anayekwenda kuazima chumvi kwa jirani kila siku kwa sababu ana upweke, ulipigwa redioni mpaka watoto wa mtaa wakawa wananiita Chumvi. Nilikuwa nikipita kwenye soko nasikia wauza nyanya wakiuimba. Sitadanganya kwamba nilikuwa mnyenyekevu. Nilikuwa natembea polepole makusudi ili waimbe hadi mwisho.

Kisha koo likaanza kukwaruza. Mwanzoni nilidhani ni msimu wa mvua. Nilikunywa tangawizi, nikanywa asali, nikanywa kila kitu nilichoshauriwa na kila mtu aliyewahi kukohoa. Mwishowe nikaenda hospitali, na daktari akaingiza kamera ndogo kooni akaniambia kuna uvimbe kwenye nyuzi za sauti, na sharti uondolewe.

"Sauti itarudi?" nikamuuliza.

Alikuwa daktari mwaminifu. "Itarudi," akasema. "Ila siwezi kukuambia itarudi ikiwa ipi."

Baada ya upasuaji nilikaa wiki mbili bila kusema neno. Niliandika katika daftari la mazoezi: nataka maji, funga mlango, asante. Siku niliporuhusiwa kuzungumza, nilifungua kinywa nikamwambia mama, "Habari za asubuhi," naye akageuka nyuma kuangalia ni mwanaume gani ameingia.

Ilikuwa sauti nzito, yenye makwaruzo, kama mlango uliovimba kwa mvua. Niliamini mazoezi yangeirekebisha. Miezi mitatu baadaye nilirudi jukwaani kwenye harusi moja mtaani Fedha, saa saba mchana, katika bustani yenye mahema meupe. Nilianza vizuri. Tulipofika mahali ambapo wimbo unapanda, nilipanda nao, na huko juu hakukuwa na kitu. Hewa tu. Meza ya mbele wakacheka. Mama wa bibi harusi akatazama sahani yake. Kiongozi wa bendi akafanya jambo ambalo sitalisahau: akainua gitaa, akaipiga ile noti niliyoikosa, pale pale ilipopaswa kuwa, na akaendelea kupiga sauti yangu yote hadi mwisho wa wimbo huku mimi nikichezesha midomo.

Tulipokuwa tukipakia vyombo nilimwambia nimeacha. Alijaribu kunijibu, maneno yakamkataa. Akanishika mikono yote miwili, akaitikisa, akapanda gari.

Nilihamia mtaa wa Tassia, ghorofa ya nne, nikarudi kwenye cherehani. Nilishona sare za shule. Kwa miaka mitatu sikuimba hata kanisani. Nilikuwa nafungua kitabu cha nyimbo na kusoma kwa macho, kama gazeti. Nikiwapigia watu simu walinijibu, "Ndiyo, mzee," nami nikaacha kuwasahihisha. Nilikuwa nimeamua kwamba sehemu ya maisha yangu inayosikika imekwisha, na iliyobaki ni ya kushona.

Aliyenitoa huko ni yule yule wa gitaa. Alikuja siku moja, akapanda ngazi zote nne, akakaa kwenye kiti cha wateja. Alikuwa ameitwa kwenye redio ndogo ya mtaa kuzungumzia muziki wa zamani wa Eastlands. Moja kwa moja, bila kurekodi kwanza.

"Na ulikubali?" nikamuuliza.

"Ni-nilishindwa kusema ha-hapana," akasema, kisha sote wawili tukacheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Neno lenyewe ndilo lililomkwama. "Tu-twende wote. U-utanisemea."

Redio hiyo ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Kuta za studio zilibandikwa trei za mayai ili kuzuia mwangwi, na mlangoni kulining'inia blanketi zito la kijivu. Mtangazaji, kijana mchangamfu, alimkaribisha mgeni wake, akamuuliza bendi ilianzaje. Kiongozi wetu akafungua kinywa. Neno likamkwama. Likazidi kumkwama. Kimya redioni si kama kimya cha nyumbani. Nyumbani kimya ni mapumziko, redioni ni moto unaowaka nyuma ya pazia. Nilimwona fundi wa mitambo, nyuma ya kioo, akipeleka mkono kwenye kitufe cha muziki.

Nikasogea kwenye maikrofoni. Nilikuwa nimekuja kumsemea, lakini nilipomtazama usoni niliona ningemwaibisha zaidi. Badala yake nikamwambia, "Usiwaambie. Waonyeshe. Siku zile besi ilikuwa inatembeaje?"

Akachukua gitaa, akapiga. Nikawaeleza wasikilizaji wanachosikia: kwamba hapo besi inatembea kama mtu anayerudi nyumbani hana haraka, na kwamba huo mtindo aliutoa kwa fundi seremala aliyekuwa akigonga misumari jirani na ukumbi. Nikamuuliza swali jingine, akalijibu kwa nyuzi. Nikamtania, akacheka, na katika kucheka akasema sentensi nzima bila kukwama. Kipindi cha nusu saa kikawa saa moja na nusu. Simu ya studio haikupumzika.

Tulipotoka, tulimkuta meneja wa redio amesimama kwenye korido. Alikuwa mwalimu mstaafu, mfupi, miwani imening'inia kifuani kwa uzi.

"Wewe ni nani?" akaniuliza.

"Nilikuwa mwimbaji."

"Sijakuuliza ulikuwa nani."

Akanipa Jumamosi, saa nne hadi saa sita mchana, kipindi cha muziki na salamu.

Jumamosi ya kwanza nilikuwa mbaya. Nilisoma maneno niliyoyaandika, nikayasoma kama tangazo la ada ya shule. Nilizungumza Kiswahili cha mtihani, huku kila mtu niliyemfahamu akizungumza Sheng ya mtaani. Katikati ya kipindi ujumbe wa simu ukaingia, na fundi akanionyesha kupitia kioo huku akijizuia kucheka. Ulisema: Huyo mtangazaji ana homa, mpeni maji moto na limau.

Ningeweza kuupita. Sijui kwa nini sikuupita. Niliusoma hewani, neno kwa neno, kisha nikasema, "Asante kwa limau, nimekunywa ya kutosha miaka mitatu. Hii si homa. Hii ndiyo sauti yangu. Zamani nilikuwa na nyingine, na wengine wenu mliifahamu, mlikuwa mkiniita Chumvi." Nikawaeleza yote: kamera kooni, daftari la mazoezi, mama akigeuka kutafuta mwanaume, na ile harusi ya Fedha. Sikulia. Niliisimulia kama mechi iliyokwisha. Nilipomaliza nikapiga wimbo wenyewe, wa chumvi, ambao sikuwa nimeusikiliza tangu niache bendi.

Ujumbe uliofuata ulitoka kwa mwanamke wa Tassia aliyekuwa akikaanga mandazi chini ya ghorofa yangu mwenyewe. Aliandika: Kumbe ni wewe unapita hapa kila siku umenyamaza. Kesho usipite bila kunisalimia. Baada ya hapo zikaja jumbe nyingi kiasi kwamba nilisoma hadi dakika za kipindi zikaisha. Jumatatu yake nilipunguza sare za shule. Mwezi uliofuata nikawa na asubuhi tatu kwa wiki.

Nilijifunza kazi kwa kuifanya. Nilijifunza kwamba vijana wa Sheng na wazee wa Kiswahili sanifu wanaweza kusikiliza kipindi kimoja usipomdharau yeyote kati yao. Nilijifunza kusema "niaje" kwa huyu na "shikamoo" kwa yule katika pumzi moja. Pumzi nilikuwa nayo. Muziki ulikuwa umeninyang'anya noti za juu lakini ulikuwa umeniachia mapafu.

Mwaka wangu wa pili pale, redio ikaamua kutangaza fainali ya mpira wa mitaa, moja kwa moja kutoka uwanja mmoja karibu na barabara ya Jogoo. Jambo hilo halikuwa limewahi kufanyika. Meneja alimtafuta mtangazaji wa mpira, kijana mwenye jina. Mimi nilitumwa kwenda kupiga muziki wakati wa mapumziko na kusalimu watu. Tuliweka meza chini ya mwavuli, fundi akavuta nyaya, na uwanja ukajaa mpaka watu wakasimama ndani ya mstari. Zikabaki dakika kumi na tano mechi ianze, mtangazaji hayupo. Zikabaki kumi, akatuma ujumbe: ameitwa na redio kubwa mchana huo huo, anaomba radhi.

"Tupige muziki," akasema fundi. "Kukiwa na goli tunatangaza matokeo."

Meneja alitazama umati. Alikuwa amewaahidi watu kwa wiki tatu nzima. Nikasikia sauti yangu, ile ya mlango wa mvua, ikisema, "Nipe mimi."

Mwanakamati wa mashindano, mzee mwenye filimbi shingoni, alinigeukia kwa upole. "Madam, hii si harusi."

"Najua," nikasema. "Harusi huwa na keki."

Meneja hakucheka. Alinikabidhi karatasi ya majina ya wachezaji, iliyoandikwa kwa kalamu na kufutwafutwa. "Dakika kumi za kwanza," akasema. "Ukishindwa, naweka muziki."

Timu moja ilivaa bluu, nyingine manjano. Refa akapuliza, nami nikaanza, na kwa dakika mbili nzima nilikuwa nikiukimbiza mpira kama mtu anayekimbiza kuku: huyu kampa huyu, huyu kampa yule. Nilichanganya majina. Nyuma yangu mtu akaguna. Hapo nikamkumbuka baba, nikauacha mpira, nikamtafuta asiye nao. Alikuwa pembeni kushoto, kijana mfupi wa bluu, soksi zimeshuka, anafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

"Mtazameni kijana wa soksi," nikawaambia wasikilizaji. "Ameinama. Anajifanya hayumo. Beki wake ameamini, amemwacha, amesogea katikati. Sasa ameinuka. Mpira bado uko mbali, uko kwa kipa, lakini yeye ameshaanza safari."

Mpira ukatoka kwa kipa, ukapita juu ya vichwa, ukatua mbele ya kijana wa soksi. Umati ukainuka. Nami nilitaka kupanda, kupiga ukelele kama watangazaji wote wanavyopiga, na sauti haikupanda. Hakukuwa na kitu huko juu, kama siku ile ya harusi. Lakini safari hii sikusimama. Nikashuka. Kadiri alivyolikaribia lango ndivyo nilivyoshusha sauti na kuivuta, taratibu, nzito, kama besi inayotembea. "Anaingia... hana haraka... kipa anamjia... hana haraka... ameuweka. Ameuweka ndani kama mtu anayerudisha kikombe kabatini."

Nyuma yangu hakuguna mtu. Fundi aliniambia baadaye kwamba hapo hapo simu ya ofisini ilianza kulia, na kwamba mwanamume mmoja alipiga kuuliza kama redio yake imeharibika au kuna mtu anatangaza goli kwa kunong'ona.

Kumi za kwanza zikapita na meneja hakuweka muziki. Manjano wakasawazisha kwa penalti baada ya beki wa bluu, jitu la miraba minne, kuushika mpira kwa mkono. Nilimwona akikaa chini, akijifunika uso na jezi, nikawaeleza watu hivyo hivyo, bila kumcheka. Kipindi cha pili kikawa kirefu na kigumu. Ilipobaki dakika moja bluu wakapata kona. Yule beki akatoka nyuma, akavuka uwanja mzima akitembea.

"Anayekuja ni yule wa penalti," nikasema. "Hakuna aliyemwita. Hakuna anayemtazama pia. Manjano, mnamwona? Hamumwoni." Kona ikapigwa. "Anaruka. Ni kichwa chake. Ni kichwa chake mwenyewe. Amelipa."

Niliyasema hayo kwa sauti ya chini kabisa niliyokuwa nayo, na kelele iliyolipuka uwanjani ikaimeza. Watu waliingia uwanjani, vumbi likafunika kila kitu. Yule mzee wa filimbi alikuja kwenye meza na soda baridi, akaifungua kwa meno, akaiweka mbele yangu.

"Madam," akasema, "mwaka ujao ni wewe."

Nilipogeuka kuitafuta kofia yangu, nilimwona baba. Alikuwa amesimama nyuma ya meza, mikono mgongoni, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa ameanza kutazama mechi akiwa upande ule mwingine wa uwanja. Akaisikia sauti yangu kwenye simu ya jirani yake, akazunguka uwanja mzima kwa miguu yake ya miaka sabini na kitu, akasimama hapo tangu kipindi cha kwanza. Mtu ambaye hakuwahi kuja kunisikia nikiimba.

"Mama," akasema. "Goli la pili hukumtaja aliyepiga kona."

"Sikuliona jina lake, baba. Lilifutwa kwenye karatasi."

"Ungesema namba." Akainama, akakung'uta vumbi viatuni. "Hayo mengine yote yalikuwa vile vile. Yalikuwa vile vile kabisa."

Tulitembea pamoja hadi Makongeni. Njiani watu walinisimamisha. Kijana mmoja alinipigia saluti. "Mathe, umeua," akasema, na baba akaniuliza nimemuua nani. Nikamweleza kwamba ni sifa. Akalifikiria hilo kwa hatua kadhaa, kisha akalirudia neno peke yake, polepole, kama mtu anayeonja chakula cha ugenini. Mama hakuwa amesikia chochote kwa sababu alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Nilimsimulia mechi nzima mezani, na baba hakunikatiza hata mara moja.

Kuna mtu alikuwa ameirekodi sehemu ya kona kwa simu. Ikasambaa. Haikufika mwezi, nikaitwa na redio ya taifa zima, jengo la vioo, lifti inayozungumza. Mkuu wa michezo alinikalisha mbele ya televisheni akaniambia nitangaze. Nikatangaza.

"Vizuri sana," akasema, "lakini kwenye goli, tupe ule moto. Panda."

"Siwezi kupanda," nikamwambia. "Nilipasuliwa. Ninachoweza ni kushuka."

Alikuna kichwa. Akanipa mechi tatu za majaribio kama msaidizi. Ya kwanza, wasikilizaji wawili walipiga simu kusema nirudi jikoni. Nilizungumza nao hewani. Nikawauliza wamepika nini leo, nikawaeleza mapishi ya mrenda, nikaendelea na mpira. Ya pili, dereva wa lori alipiga kutoka njia ya kwenda Mombasa kusema kwamba ile sauti ya chini humfanya apunguze mwendo ili asikose neno, na kwamba kwa hiyo nimemwokoa. Baada ya ya tatu mkuu wa michezo aliacha kuniomba nipande. Miezi michache baadaye aliniita akaniambia kwamba mechi ya timu ya taifa, ndani ya uwanja mkubwa, mtangazaji mkuu kwa Kiswahili nitakuwa mimi. Nilikubali kwa sharti moja: Jumamosi saa nne hadi saa sita niachiwe, niende kwenye trei za mayai. Nimeachiwa hadi leo. Kiongozi wa bendi huja huko mara moja kwa mwezi na gitaa lake, na muziki unaofungua matangazo ya mpira ya taifa zima ni wake. Kigugumizi bado anacho. Siku hizi akikwama hewani hangojei msaada. Anamalizia sentensi kwa nyuzi, na wasikilizaji wanamwelewa.

Miaka miwili iliyopita nilianzisha darasa la watangazaji wanawake katika ukumbi wa mtaa, Jumatano mchana. Walianza wanne, sasa ni kumi na mmoja: karani, kondakta, mwalimu wa chekechea, na mama mmoja wa watoto watatu anayesukuma chapati za kuuza mtaa wa Pipeline. Huyu wa chapati ndiye aliyekuwa mwoga kuliko wote. Alikuwa akishika maikrofoni kama sufuria ya moto. Lakini anaona. Uwanjani anaona mambo ambayo mimi huyaona baada yake.

Mwezi jana nilimwombea nafasi kwenye mechi ya ligi, atangaze kipindi cha kwanza, nami nikae pembeni yake kama msaidizi wa kuingilia anapochoka. Tulikubaliana ishara: akigusa meza, naingia. Mechi ikaanza. Dakika ya tatu akayumba kidogo, nikajiweka tayari. Hakugusa meza. Dakika ya kumi alikuwa ameshika kasi yake, sauti nyembamba, kali, inayopanda hadi kule juu na kurudi salama, akimwelezea kiungo mmoja aliyekuwa akirudi nyuma kwa siri. Dakika ya ishirini goli likaingia, naye akapanda nalo hadi mwisho. Nilipata nafasi ya neno? Hata moja sikupata. Nikavua hedifoni, nikaziweka mezani, nikategemeza kidevu mkononi, nikatazama mpira kwa raha zangu.

Filimbi ya mapumziko ilipolia, alinigeukia ghafla, jasho usoni, macho yamemtoka.

"Auntie, nisamehe. Nilikusahau kabisa."

"Usinikumbuke," nikamwambia, nikamsogezea chupa. "Kunywa maji. Kipindi cha pili pia ni chako."